Jeneza la Wote

Nyuma ya misikiti mingi ya mwambao wetu, kwenye kibaraza cha upande wa kisima au chini ya paa dogo la mabati, pana jeneza limeegemezwa ukutani. Pengine ni la mbao iliyokwisha kuwa nyeusi kwa kushikwa, pengine ni la mabomba ya chuma yaliyopakwa rangi ya kijani, na mikono yake minne imelainika pale viganja vinapopita. Halina jina la mtu. Aliyelinunua, ikiwa alilinunua mmoja, alishachukuliwa nalo zamani. Watoto wa chuo hucheza karibu nalo wakati wa mapumziko bila kuliogopa. Mtu anaweza kuswali hapo miaka 30 asilitie machoni, mpaka siku anapolihitaji. Na siku hiyo hulikuta limefutwa vumbi, kamba zake zimekazwa, shuka la kulifunika limefuliwa na kukunjwa. Zamani nilipolitazama jeneza la mtaani kwetu niliwaza mauti, kama inavyopasa. Siku hizi, umri ukiwa umeshavuka katikati, liko jambo jingine linalotangulia kunijia kabla ya mauti: ni nani anayelifuta vumbi?

Jibu haliko mbali. Kila mtaa una watu wake wa msiba, na ukiwatazama vizuri utaona kwamba karibu wote wameshavuka miaka 50. Mmoja alikuwa karani bandarini, mwingine alifundisha shule ya msingi, mwingine alishona nguo za kike kwenye baraza ya duka la mtu. Tanzia ikitangazwa kwa kipaza sauti cha msikiti, wao ndio wanaovaa viatu wakati wengine bado tunaulizana ni nani aliyefariki. Upande wa wanaume yuko anayejua kaburi lielekezwe wapi, mwanandani ichimbwe upande gani, viunza vikatwe urefu gani. Upande wa wanawake, nyuma ya pazia la kanga zilizotundikwa kwenye kamba, yuko bibi aliyekwisha kukunja mikono ya dera lake, anaomba majani ya mkunazi, pamba, karafuu maiti, anaagiza sanda ipimwe: vipande vitano kwa mwanamke, vitatu ingekuwa mwanamume. Ufuo umeshachimbwa wa kupokea maji. Anaanza upande wa kulia, anaosha kwa witiri, mara tatu, au tano, au saba, na mwili ule hauachwi wazi hata kidogo. Mkono wake unafanya kazi chini ya shuka. Akimgeuza marehemu humwomba radhi kwa sauti ya chini. Hakuyasoma haya kitabuni. Alishika kata ya maji miaka mingi, akimmiminia bibi mwingine, mpaka ikafika siku ambayo bibi yule hakuweza tena kuinama.

Wanazuoni huiita kazi hii faradhi ya kifaya: jamii nzima inadaiwa, lakini wakitokea wachache wakaitimiza, deni limewaondokea wote, asipotokea hata mmoja, wote wamepata dhambi. Tulifundishwa hivyo chuoni tukiwa watoto, tukakariri pamoja na mengine. Uzito wake huonekana baadaye. Maana yake ni kwamba miaka yote niliyokuwa nikienda kazini na kurudi, nikilea, nikijenga, palikuwa na watu walionibebea deni langu bila kunipelekea hesabu. Waliposimama kwenye ufuo walisimama na kwa niaba yangu. Wala si mazishi peke yake. Yuko aliyepatanisha majirani waliogombea mpaka wa kiwanja. Yuko aliyekwenda kumtazama mgonjwa asiye na ndugu. Yuko aliyezibua mfereji kabla ya masika. Yuko mjumbe wa nyumba kumi aliyeamshwa usiku wa manane kwa ugomvi wa mke na mume. Mtaa ukikaa salama, usalama huo una wenyewe. Nusu ya kwanza ya maisha tunabebwa bila kujua. Kisha wale waliokuwa wakitubeba wanapungua, leo huyu, kesho yule, na jeneza lenye mikono minne linabaki na watu watatu. Hapo ndipo nusu ya pili inapoanza. Haina tarehe yake kwenye kalenda. Huanza pale mtu anapoona kwamba nafasi ile iliyo wazi ina kimo cha bega lake.

Wengi wetu, hata hivyo, tunaingia nusu hiyo kwa mlango mwingine. Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na akifika 60 hulazimika, isipokuwa kada chache zilizoongezewa muda. Kenya nao wameweka 60. Tarehe inajulikana tangu siku ya kuajiriwa, na bado ikifika humkuta mtu hajajiandaa. Panakuwa na hotuba, soda, na zawadi ya saa ya ukutani. Panakuwa na safari za kufuatilia kiinua mgongo. Kisha inakuja asubuhi ambayo mtu anaamka saa kumi na moja kwa mazoea, anaoga, anavaa, na hakuna anayemngoja popote. Tumezoea kuuzungumza ustaafu kwa lugha ya fedha, na fedha si jambo dogo: mzee anayekopa unga dukani haambiwi ashibe heshima. Lakini ipo njaa ya pili, na hiyo huwapata hata wenye nyumba za kupangisha. Ni njaa ya kutongojwa. Mtu alikuwa na meza ambayo asipofika faili halitoki, darasa ambalo asipoingia somo halianzi, wodi ambayo akichelewa mgonjwa anauliza yuko wapi. Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga wakimwonya mwenye cheo. Hawakusema aliyeshuka afanye nini na mikono yake akishafika chini.

Nusu ya kwanza ilitufundisha kuhesabu. Saa za kazi zina malipo, malipo yana ngazi, ngazi zina vyeo, na hata hisani huandikwa: aliyenichangia harusi nitamchangia, daftari la kamati lipo. Sioni ubaya, watoto hawasomeshwi kwa nia njema tupu. Ila mtu akiishi ndani ya hesabu muda wote huo hufika mahali akajihesabu na yeye mwenyewe, na siku mshahara unapokoma anasoma sifuri mahali palipokuwa na jina lake. Kumwosha maiti ni kazi iliyo nje ya daftari hilo. Anayehudumiwa hasemi asante. Hatalipa, hatamsifia mtu kwa jirani, hatapiga kura. Anachopewa ni heshima ile anayostahili mwanadamu kwa kuwa mwanadamu, awe alikuwa tajiri wa magorofa au mchukuzi wa sokoni. Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani: tumeuzoea usemi huu kuwa faraja ya mtu aliyelipwa ubaya na wale aliowasaidia. Mbele ya ufuo unageuka kuwa uhuru. Mtu anayetoa bila kungoja kitu hatawaliwi na kitu. Nadhani uhuru huu ni mgumu kuupata mapema, kwa sababu kijana ana haki ya kungoja. Nafasi yake duniani bado anaitafuta. Mtu mzima ameshapata au ameshakosa, na katika hali zote mbili mikono yake imefunguka.

Kuna jambo jingine ambalo umri hulifundisha, na kazi hii hulitaka kuliko nguvu. Mwosha huona. Huona kovu ambalo familia haikulijua, huona maradhi yaliyofichwa, huona ufukara wa mtu aliyekuwa akipita mjini kifua mbele. Siri ya mtungi aijuaye kata. Akitoka nyuma ya pazia ananawa, anasema maiti yuko tayari, na yote aliyoyaona yameishia ufuoni. Amana hiyo hakabidhiwi mtu ambaye bado anahitaji kuonekana ana habari. Utu uzima dawa, tunasema, na sidhani kwamba msemo huo unadai mzee anajua kila kitu. Wapo wazee wengi ambao miaka imewapita bila kuwaachia neno. Msemo unadai kwamba aliyeona mengi huacha kushtuka. Na asiyeshtuka ndiye anayeweza kukaa karibu na aibu ya mwenzake asiiongeze. Vijana wana mbio, na mtaa unazihitaji sana mbio zao. Wazee wana kukaa.

Lakini kukaa nako hujifunzwa, na hapa ndipo penye mtihani ambao wastaafu wengi hawaupendi. Fikiria mkuu wa shule ya sekondari aliyeamrisha walimu na kusimamisha wanafunzi mstarini kwa kukohoa tu. Anaingia kwenye chumba cha kuoshea maiti kwa mara ya kwanza, na kiongozi wa kazi ile ni mzee aliyekuwa mbeba zege, ambaye hakumaliza darasa la saba. Mzee anamwambia: shika ndoo, mimina polepole, usizungumze. Cheo chake chote hakina kazi mle ndani. Akikubali kuwa mwanafunzi tena, akamimina polepole na asizungumze, atakuwa amepata kitu ambacho ofisi haikuweza kumpa: kujulikana na mtu kwa namna anavyoshika ndoo. Akikataa, atarudi nyumbani kuendelea kuitwa mkuu na watu wanaopungua kila mwaka. Nimewaona wa namna zote mbili. Waliokubali wana wepesi fulani usoni, na hawazungumzi sana habari za zamani, kwa sababu wana habari za leo. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Na muungwana wa kweli naamini hupimwa na namna anavyopokea amri ya mtu aliyekuwa chini yake, pale mtu huyo anapokuwa ndiye mjuzi.

Thamani ya kukaa ilionekana vizuri Harare. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alikuwa na wagonjwa wengi mno kwa idadi ndogo ya madaktari wa fani yake nchini Zimbabwe, na hakuwa na jengo wala wauguzi wa kuongezewa. Alichokipata katika kitongoji cha Mbare ni bibi 14. Walifundishwa namna ya kusikiliza na kumsaidia mtu kulipanga tatizo lake hatua kwa hatua, wakawa wanakaa naye kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Waliokuja ni watu walioelemewa na mawazo, wenye misiba, maradhi, na umaskini mgongoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye mabenchi yale walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na tangu hapo mabenchi hayo yamefika nchi nyingine, Zanzibar ikiwemo. Yamefika kwa watu wa baraza, watu ambao mababu zao Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe walijenga nyumba zenye viti vya mawe nje ya mlango ili mpita njia apate pa kuketi. Lakini baraza peke yake haimponyi mtu. Barazani panaweza kujaa bao, kahawa na siasa mchana kutwa, na mwenye huzuni akapita, akaamkia, akajibiwa, asiulizwe hali yake ya kweli. Kilichoongezwa na akina bibi wa Harare ni dhamira: yuko pale kwa ajili ya yule anayekuja, siku yake inajulikana, anangojwa. Anayeumwa amepata sikio, na bibi amepata asubuhi yenye mahali pa kwenda. Huduma hiyo moja imelisha njaa mbili.

Historia yetu ina mtu mkubwa aliyeshuka chini akajua la kufanya na mikono yake. Mwalimu Nyerere aliacha urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63, akarudi Butiama, akalima. Angetosheka na kupokea wageni, na hakuna ambaye angemlaumu. Akaongoza Tume ya Kusini kuanzia 1987 hadi 1990. Kisha Burundi ilipowaka akakubali kuwa msuluhishi, kazi ya kukaa na watu wasiotaka kutazamana, wakirudia malalamiko yale yale, yeye akisikiliza. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, mapatano hayajafikiwa. Tunapomkumbuka hupenda kuishia hapo. Mimi huona mafundisho makubwa zaidi katika kilichofuata: kiti kile kilichukuliwa na mzee mwingine, Nelson Mandela, aliyekuwa ametoka madarakani mwaka huo huo akiwa ameshavuka 80, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Mmoja alitangulia, mwingine akapokea bega. Wala mkataba ule haukunyamazisha bunduki zote siku ile. Wengine walilazimika kuendelea. Kazi za nusu ya pili karibu zote ndivyo zilivyo. Mtu huzikuta katikati na huziacha katikati, na kipimo chake ni kama siku alipoondoka mzigo ulianguka au ulibaki mabegani.

Lakini nusu ya pili haiwi moja kwa wote. Mwanamke aliyelima, akauza maandazi, akalea wake na wa dada yake, hakuwahi kupewa barua ya kustaafu kwa kuwa hakuwahi kupewa ya kuajiriwa. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, kizazi cha akina bibi kilizika watoto wake, kikaanza upya kuamsha wajukuu kwenda shule, kupika uji, kuuguza homa za usiku, katika umri ambao walitarajia kupelekewa maji ya kuoga. Kumwambia bibi huyo atafute maana ya maisha katika kujitolea ni kumkosea adabu. Yeye ndiye aliyetubeba. Kwake swali linatugeukia sisi: ni nani atamtua? Mkono mtupu haulambwi, na mzee asiye na kitu hukosa hata nauli ya kwenda msibani. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, ilikiri kwamba walioubeba mtaa bila mshahara nao walifanya kazi. Kiasi kilikuwa kidogo, na baadaye kiliongezwa. Kukiri ndiko kukubwa. Kujitolea kwa wazee kusigeuzwe jina zuri la kutelekezwa kwao. Mtaa unaomtaka bibi aoshe maiti wake unadaiwa kuhakikisha bibi huyo ana dawa yake ya presha.

Ipo na hatari ya upande wa pili. Mtu aliyetoka ofisini kwa shingo upande hutafuta ofisi nyingine, na jamii ina viti vingi vya kumpa: uenyekiti wa kamati ya msikiti, uzee wa kanisa, ulezi wa chama cha kuzikana. Akikikalia kiti hicho kwa sababu ya ile njaa ya kungojwa peke yake, hatakiachia. Ufunguo wa stoo ya masufuria ataulaza chini ya mto wake. Vijana wakitaka hesabu za michango ziwekwe kwenye simu kila mtu azione, atasema wanamkosea heshima. Kipimo ninachokiamini ni kimoja: nani anajifunza kwake? Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar mwaka 2013, dunia ilimjua kwa sauti na ngoma. Mabinti wa kisiwa chake walimjua pia kuwa mwalimu wa unyago, aliyewafunda mambo ya mwili na ya ndoa kwa ngoma hiyo hiyo. Anayefunda ameshakubali kwamba ataondoka, na anataka alichonacho kibaki. Vivyo hivyo bibi wa ufuoni: ujuzi wake wa kuosha ni nusu ya heshima yake. Nusu nyingine iko kwa yule aliyempa kata amshikie, akamwacha akosee kidogo, akamrekebisha kwa mkono bila kumfedhehesha mbele ya watu.

Mijini mambo yamebadilika. Watu wamehamia viwanja vipya vya Chanika, Kigamboni na Kibaha, ambako jirani wa kulia ametoka Mbeya, wa kushoto Tanga, na kila ukuta una vioo juu. Turubai na viti vinakodishwa, wapishi wanalipwa, gari la maiti limeandikwa namba ya simu ubavuni. Sina sababu ya kuyalaani haya. Mfiwa aliyepunguziwa shughuli amepunguziwa mzigo. Lakini kuna vitu visivyo na bei kwa kuwa havina muuzaji. Hakuna kampuni itakayokaa na mjane miezi minne na siku kumi za eda yake, alasiri moja baada ya nyingine, matanga yameshaanuliwa na wale waliojaa uani wamerudi makazini. Hakuna gari litakalogundua kwamba mtoto wa marehemu ameacha kwenda shule. Kwenye mitaa ya Wakatoliki jumuiya ndogo ndogo hukutana nyumba kwa nyumba, na mara nyingi anayekumbuka wiki hii ni zamu ya nyumba ipi, na nani hakuonekana wiki iliyopita, ni mama mmoja ambaye watoto wake wameshaoa na kuolewa. Kukumbuka aliyekosekana ni kazi, na inamtaka mtu mwenye alasiri. Mwenye alasiri ni nani kama si yule tuliyempa saa ya ukutani tukamwacha nyumbani?

Mwili nao una neno lake. Magoti yanakataa ngazi, macho yanataka miwani ya kusomea, kaburi halichimbwi na mwenye moyo mgonjwa. Huduma ya umri huu haitaki mtu ajifanye kijana. Inamtaka atafute kilicho sawa na mwili wake, na kipo kila mara. Asiyeweza kuchimba anaweza kukata sanda, asiyeweza kusimama anaweza kuketi na mfiwa, asiyetoka nje anaweza kupokea simu ya mtoto wa jirani na kumsikiliza akisoma kwa sauti. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, tunasema tukimwonya anayeudharau mzigo asioubeba. Aliyeubeba hata upande mmoja tu haoni tena kuwa ni usufi. Ujuzi huo wa uzito wa wengine ndio unaomponya mtu na upweke wa kudhani kwamba yeye peke yake ndiye anayezeeka. Ipo pia methali nyingine, fupi, ambayo watu wa kazi hii huitamka bila kutetemeka: mwosha huoshwa. Anayeisikia kwa mbali huiona tishio. Aliyeshika kata anaijua kuwa ni mpango. Hofu ya kufa ina sehemu mbili. Moja ni ya Mwenyezi Mungu na hatuna mkono ndani yake. Ya pili ni hofu ya kufa bila mtu, kuokotwa, kushughulikiwa na wasiojua jina lako. Hiyo tumeachiwa sisi tuimalize, na humalizwa na mtaa ambao daima una mtu anayeosha na mtu anayejifunza kuosha.

Sina imani na kulitafuta kusudi la maisha kwa kujichungulia moyoni peke yake. Moyo wa mtu aliyestaafu jana bado umejaa kelele za ofisi, na wa mama aliyemwoza mtoto wa mwisho umejaa ukimya wa nyumba. Hakuna kati yao atakayesikia vizuri humo. Naamini kusudi liko nje, limeshikwa na mtu mwingine, na mtu huyo amechoka. Hakuna haja ya kuanzisha shirika wala kuchapisha fulana. Anayeingia nusu ya pili aende kwa mwalimu wa chuo au katekista, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa muuguzi wa zahanati, kwa mama muuza maandazi anayejua hali ya kila nyumba, aulize: kazi gani hapa inafanywa na mtu mmoja tu, naye hana wa kumpokea? Atatajiwa jina. Amwendee mwenye jina hilo kesho asubuhi, mapendekezo yake ayaache nyumbani, na aanze na lile la kwanza atakalotumwa.